Nauli ya Kurudi

Mke wangu Leonia hakuwahi kulipa bei aliyotajiwa. Alikuwa anauza dagaa mwaloni Kibirizi, ufukweni boti zinaposhusha mizigo, na mtu aliyejaribu kumwuzia hata kiberiti bila kupunguza alijikuta ametangazwa soko zima. Nilimpenda kwa hilo, na hilo hilo lilinichosha. Ukitoka naye kwenda kununua sufuria, beba na kiti cha kukalia.

Mimi ni fundi cherehani. Mashine yangu iko kibarazani kwetu Kasingirima, nashona sare za shule na magauni ya vitenge, kwa hiyo mara nyingi ndimi niliyekuwa nyumbani na binti yetu Melania, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza darasa la kwanza.

Ugonjwa wa maua ulimwingia Leonia kwa njia ya simu. Alijiunga na kundi moja la WhatsApp linaitwa Mnada wa Maua. Muuzaji anaweka picha ya ua, watu wanapandisha bei, wanapandisha, mpaka mwenye ua anaandika "limefungwa". Mwanzoni nilishangaa jinsi maua yale yalivyokuwa rahisi. Ua zuri kabisa kwa bei ya soda! Baadaye nikaelewa kwamba bei ya ua ni chambo, ndoano iko kwenye nauli. Ukishashinda ndipo unaletewa gharama za kusafirisha: boksi, gazeti la kufungia, mtu wa kupeleka stendi, mtu wa kulipokea, na kitu kingine kinaitwa "uangalizi wa njiani", ambacho nadhani maana yake ni kwamba kondakta atalitupia jicho. Mdungusi mmoja kutoka Arusha ulitufikia umeoza, na nauli yake ingetosha kumleta shangazi yangu, tena shangazi angekuja na zawadi.

Leonia aliwatukana wauzaji hao kila jioni, na kila asubuhi alirudi mnadani.

Mvua zilipoanza, akaingia muuzaji mgeni, mama mwenye namba ya Kongo, ng'ambo ya ziwa. Aliweka picha ya begonia yenye majani mapana, meusi karibu kama chungu, yenye madoa meupe kama yamerushiwa chokaa. Leonia akaweka bei yake ya chini kabisa, ya kutania. Cha ajabu hakuna mwingine aliyepandisha. Kundi lile ambalo lilikuwa linagombania hata majani ya aloe lilikaa kimya, mpaka yule mama akaandika kwamba limefungwa, ni lako mama wa Kigoma.

Nauli ilipokuja, Leonia alipiga kelele hadi Melania akatoka chooni kuuliza nani amekufa. Ilikuwa imeandikwa mafungu mawili. Kuleta, ambayo ilikuwa ya kawaida tu. Na kurudi, ambayo ungenunua mbuzi na bado ukabaki na chenji ya chumvi. Akampigia yule muuzaji hapo hapo na kuweka spika, ili nishuhudie ushindi.

"Hii ya kurudi ni ya nani? Ua linakuja kukaa."

"Ni ya ule mwenye kuleta, mama," sauti ikajibu taratibu, kwa Kiswahili cha kule Kongo. "Akishaleta, anapashwa kurudia kwao."

"Yemwe! Hiyo ni shida yangu? Mimi natuma mizigo mpaka Uvira. Tunalipa kwenda tu. Kurudi, mchukuzi anatafuta mzigo wake mwenyewe."

Hapo hakuwa amedanganya. Ndivyo watu wa mwaloni wanavyofanya siku zote. Boti likipeleka dagaa, mwenye dagaa hamlipii mtu safari ya kurudi tupu, kwa sababu hakuna anayerudi tupu. Atapata mahindi, atapata mawese, atapata chochote. Leonia alikuwa ameishi kwa kanuni hiyo tangu akiwa msichana, na haikuwahi kumpitia akilini kwamba kuna mtu haimhusu.

Kabla yule mama hajajibu, nilisikia nyuma yake mtu akitua kitu kizito chini na kuvuta pumzi.

"Mama, munasema vile kweli? Atafute mwenyewe?"

"Atafute mwenyewe. Chochote atakachokuta, apakie aondoke zake."

"Na munakubali?"

"Nakubali. Tena mume wangu anasikia."

"Basi, mama. Lipeni ya kuleta." Akakata.

Leonia alicheka kicheko chake cha kushinda na kunipiga begani. Alilipa kwa simu, akaenda kuchemsha chai huku anaimba. Alikuwa ameokoa bei ya mbuzi.

Ua lilifika mchana mmoja nikiwa mashineni. Niliinama kutunga uzi kwenye sindano, nikainua kichwa, na mzigo ulikuwa mbele ya miguu yangu. Geti lilikuwa limefungwa na komeo lake liko mahali pake. Sikusikia bodaboda, sikusikia hodi. Umefungwa kwa magome ya mgomba na kamba ya mgomba, fundo lake zuri mno hata mimi mwenye kazi ya kufunga nililitazama mara mbili. Mchanga kwenye mizizi ulikuwa bado unachuruzika maji. Nikatoka nje kumwangalia mtu wa kumshukuru, na barabara ilikuwa tupu kote kuwili.

"Unaona?" Leonia alisema jioni. "Limefika. Halina hata jani lililovunjika. Na wajinga wangelipa kurudi!"

Lilikuwa zuri kweli. Aliliweka karibu na dirisha la sebuleni.

Asubuhi iliyofuata kinu chetu kilikuwa getini. Kimefungwa kamba ya mgomba, mchi pembeni yake umelazwa vizuri, kama mzigo unaosubiri kubebwa. Leonia akawagombeza watoto wa jirani kupitia ukutani. Nikakifungua, nikakirudisha jikoni. Siku nyingine ikawa gunia la maharage, nalo limefungwa hivyo hivyo na kuachwa. Kisha jogoo, yuko hai, amefungwa mabawa kwa ustadi hata hakuhangaika, anatutazama tu. Kisha nikaikuta mashine yangu ya cherehani getini, mashine ambayo mimi na mtu mwingine tunaibeba kwa kupumzika pumzika. Nilitumia karibu asubuhi nzima kufungua fundo, na nilikuwa na hasira kiasi kwamba sikujua naogopa.

Leonia alikuja akasimama nyuma yangu. Aliinama, akalishika lile fundo, akaligeuza.

"Baba Melania," alisema, "hivi ndivyo tunavyofunga mzigo wa kuvuka ziwa."

"Sasa nani anafunga vitu vyetu?"

Leonia, ambaye alikuwa na jibu hata kwa mtu aliyepiga chafya, aliliachia lile fundo kama limemchoma. Alikwenda ndani, nikamkuta amekaa kitandani ameshika simu na uso umemshuka.

"Nilimwambia chochote atakachokuta," alisema.

Alimpigia yule muuzaji tena, na safari hii hakuweka spika, lakini nilikaa karibu nikasikia. Alisema atalipa nauli ya kurudi yote. Alisema atalipa mara mbili. Sikuwahi kumsikia Leonia akitaja bei ya juu kuliko aliyoambiwa, na lile ndilo lililonitisha kuliko kinu na kuliko jogoo.

"Feza naweza kupokea, mama," yule mwanamke alisema, na hakuwa na ubaya wowote sautini. "Lakini itafanya nini? Yeye hashikake feza. Mulimupa neno, anashika neno."

"Achukue basi! Achukue mashine, achukue jogoo! Mbona anaacha?"

"Anapima. Mchukuzi muzuri habebi mzigo wa kwanza." Akakohoa. "Watu wanatutukana sana juu ya nauli, mama. Wanasema tunaiba. Ile nauli inaweka mukataba. Inamurudisha mikono mitupu."

Leonia alibeba begonia, akaitoa nje ya geti, akaiweka barabarani. Akasema kwa sauti ya sokoni kwamba mzigo umerudishwa, biashara imevunjika. Tulifunga geti, tukaingia ndani. Ua lilikuwa limeshakaa dirishani, limemwagiliwa maji, na sahani iliyo chini yake imejaa pomoni.

Jumamosi Melania alitaka nimfikishe kwenye mapera ya mti wa uani. Nikamshika makwapani, nikamnyanyua.

Sijui nitalielezaje jambo hili nisionekane mwehu. Mtoto yule nilikuwa nambeba kila siku, mikono yangu inajua uzito wake kama inavyojua mkasi. Alipanda juu kama kikapu kitupu. Na haikuwa kwamba amekonda. Umewahi kubeba gunia, halafu mwenzako akaja akashika upande wa pili? Gunia ni lile lile, ila nusu yake imekwenda kwa mtu mwingine. Ndivyo ilivyokuwa. Kuna mtu alikuwa amemshika mwanangu upande wa pili.

"Baba, pera lile," Melania alisema, anacheka.

Nikaanza kumshusha ili nimwangalie vizuri, na Leonia akapiga ukelele kutoka mlangoni. "Usimweke chini! Filemoni, usimweke chini!"

Alikuja mbio, akamshika mguu mtoto kwa mkono mmoja na bega langu kwa mwingine, alikuwa ameona jinsi mtoto alivyopanda kirahisi, akanieleza huku anahema. Mwaloni, mzigo ulioshikwa na mwenyewe haubebwi. Mchukuzi ataufunga, ataupima, hata kuuinua upande mmoja, lakini mpaka mwenyewe aondoe mkono, hauondoki. Akiuondoa, amemruhusu. Wachukuzi wa Kibirizi wangeweza kugombana na hata kupigana ngumi, lakini hakuna aliyewahi kuvunja hilo, na Leonia hakuona sababu huyu alivunje.

Basi tukamshika. Shule ikasimama. Alikula amekalia mapaja yetu, alioga ameshikwa mkono, alilala katikati yetu na vidole vyangu vimejifunga kwenye gauni lake. Nikienda haja Leonia anampokea, na kabla sijamwachia namuuliza, umeshika? Naye anajibu, nimeshika. Mashine ilishika vumbi na sare za watu zikalala bila mikono. Wenye sare walikuja kufoka, wakaniona nimekaa na mtoto mkubwa mapajani, wakadhani anaumwa, wakaondoka kwa adabu.

Padre alikuja. Alinyunyiza maji ya baraka vyumba vyote na juu ya ua, akasali, kisha akaomba ambebe Melania ili ambariki. Nilimwachia kidogo tu, mkono wangu ukiwa bado mgongoni kwake. Padre akamnyanyua. Nikaona uso wake unabadilika. Alimrudisha kwangu haraka, akasema tuendelee kusali, na kwenye geti alisahau mwavuli wake na hakurudi kuuchukua.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba Melania hakuogopa. Mimi usingizi ulikuwa umenikimbia, mikono inaungua mabegani, nanuka jasho la hofu, na yeye anapiga stori.

"Ananishika vizuri," aliniambia. "Haminyi."

"Nani, mwanangu?"

"Huyo." Akaelekeza kidevu hewani, ubavuni kwake. "Baba, umechoka? Niweke tu chini. Yeye hachoki."

Nililia mbele ya mtoto, sikujificha. Leonia alitoka jikoni, akasimama, akatutazama muda mrefu. Alikuwa amesikia.

Kesho yake aliamka akaoga, akavaa kitenge chake cha kwendea kanisani, akajifunga kilemba. Nilidhani anakwenda kwa padre. Akasema anakwenda Kibirizi.

"Kufanya nini?"

"Kuongea bei."

"Na nani, Leonia? Yule mama amesema hela hazisaidii."

"Siongei naye yule. Naongea na mchukuzi. Na mchukuzi anaongelewa ufukweni, kwenye mizigo. Hapa nyumbani kwangu anajiona ameshashinda, ndiyo maana ana kiburi." Alikuwa na ule ukali wake wa zamani, na niliufurahia, nilikuwa nimeukosa. "Hakuna mchukuzi anayekataa mzigo wa faida zaidi. Mimi nawajua hawa watu."

"Utampa mzigo gani?"

"Kuna mzigo. Maharage yako jikoni, usiyaache yaungue kama kawaida yako." Akamshika Melania mashavu, akamnusa kichwani, akamrekebishia kola ya gauni. "Na wewe ushike mpaka nikwambie. Unanisikia? Hata wakija kukwambia nyumba inaungua."

"Nimeshika," nilisema.

Akapanda bajaji. Nilimsikia anabishana na dereva kuhusu nauli mpaka wakakata kona.

Nilikaa kibarazani na Melania mapajani. Jua likapanda. Maharage yakaanza kutoa harufu, nikaenda jikoni nimembeba kwa mkono mmoja, nikaongeza maji. Alikuwa mwepesi kuliko siku zote. Ilibidi nitazame ili nijue kwamba bado yuko mkononi, na nilijisemea kwamba mtu yule upande wa pili sasa amebeba karibu mzigo wote, amebakiza tu mimi niondoe vidole.

Simu ikaita. Alikuwa Eufrasia, ambaye anauza dagaa meza moja na Leonia.

"Baba Melania, mwakeye," alinisalimia kwa Kiha. " Huyu mkeo anaumwa?"

"Kwa nini?"

"Tangu amefika amekaa mchangani katikati ya magunia ya kupakiwa. Na kitenge chake kizuri! Amejifunga kamba ya mgomba kiunoni. Namwita, hanijibu, anaongea na mtu. Anabishana bei kabisa, anahesabu na vidole, na hapa mbele yake hakuna mtu. Wachukuzi wanamcheka. Mimi sicheki. Njoo umchukue."

"Mwambie nakuja," nilisema. "Msimwache peke yake, mshike mkono..."

"Nilitaka kumshika, akaniondoa. Anasema asiguswe na mtu. Sasa amenyamaza. Anatabasamu, kama anavyofanya akimweza mtu..."

Na hapo Melania akawa mzito.

Uzito ulikuja wote kwa mara moja, nikayumba, nikamkumbatia kwa mikono yote miwili ili asidondoke. Kilo zake zote, mifupa yake, kichwa kigumu kikinigonga kidevu. Alilalamika kwamba namminya. Alikuwa mzito, jamani, mzito wa kawaida, mzito wa mtoto aliyekunywa uji! Nikacheka kwa sauti. Ninalisema hili kwa sababu ndilo linaloniamsha usiku, kwamba nilicheka, kwamba katika maisha yangu sijawahi kuwa na furaha kama ile. Nikaokota simu iliyoanguka chini, nikapiga kelele ndani yake.

"Eufrasia! Mwambie Leonia ameweza! Mwambie mtoto amekuwa mzito! Mwambie sasa hivi!"

Nilisikia ziwa linapiga mchanga, na wanaume waliokuwa wanacheka wamenyamaza.

"Nimwambie nani, Baba Melania?" Eufrasia alisema. "Alikuwa amekaa hapa."